Siku Niliyoshona Njiwa

Hapa Kwihara ukiuliza nyumba ya Mwajuma fundi cherehani utaonyeshwa, lakini huyo anayekuonyesha atabana kicheko kwanza, na kikimshinda atakuambia, "Aa, yule aliyeshona njiwa!" Basi ndiye mimi. Sikatai. Aibu nimezipata nyingi maishani (nimewahi kuachwa na mume kwa meseji ya simu, nimewahi kukata kitambaa cha bibi harusi kinyumenyume siku mbili kabla ya harusi), lakini hii ya njiwa ni aibu ya aina yake, maana nikiisimulia naanza kwa kucheka na nyie, halafu katikati kicheko kinanikatikia na macho yanajaa machozi. Kwa hiyo mkiniona nimenyamaza ghafla, msinishangae, nipeni muda.

Ninaishi na baba yangu, Mzee Kasimu, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe alipostaafu kazi ya reli. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi hapo na cherehani na sanduku moja la nguo, na baba hakuniuliza swali hata moja, alisema tu, "Cherehani ikae barazani, kuna mwanga." Mama alikuwa ameshafariki. Mwaka ule alioondoka mama ndio baba alianza kufuga njiwa, wawili tu, dume na jike, akawatengenezea vibanda kwa mbao za makreti ya soda na kuvitundika chini ya paa la baraza. Walipozaana, kila asubuhi baada ya sala alikuwa anatingisha kopo la mtama, wanashuka wote, wengine wanamkalia mabegani, na mmoja mweupe mwenye kucha moja iliyokatika alikuwa anapanda mpaka juu ya kofia yake, naye baba anatulia pale pale, hageuzi shingo, anaogopa kumsumbua.

Maana wale wawili wakawa sita, sita wakawa kumi na tisa, vibanda vikajaa, wakahamia kwenye uwazi kati ya ukuta na bati. Na mimi nashonea barazani. Njiwa kumi na tisa juu ya kichwa cha fundi cherehani, jamani! Baraza nalifagia mara tatu kwa siku, simtanki letu la kukingia maji ya mvua lina manyoya ndani, na wateja wameshajua wenyewe kwamba wakae upande wa nguzo ya kushoto maana upande wa kulia hauna dhamana. Nilivumilia hayo yote. Ila siku moja mwalimu mmoja wa shule yetu aliniletea satini ya kijani, sare za sendofu ya mdogo wake aliyekuwa anaolewa miezi mitatu baadaye, magauni sita, nami nikamaliza la kwanza nikalitundika ili nilipige pasi, nageuka hivi kuchukua pasi, nageuka tena, doa jeupe limeanzia kifuani limeteremka mpaka kiunoni. Tangu siku ile nikaanza kuwaangalia wale ndege kwa jicho jingine.

Mwezi uliofuata baba akaugua kifua, akalazwa hospitali mjini Tabora. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye upole, akaniuliza nyumbani mnafuga nini, nikamwambia njiwa, akasema vumbi la kinyesi chao si zuri kwa kifua cha mzee kama huyu, ingefaa wasogezwe mbali kidogo na anapolala. Alisema wasogezwe. Mimi nikasikia waondolewe. Na kwa kuwa leo naungama, wacha niungame yote: nilipotoka pale wodini moyo wangu ulikuwa mwepesi, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu yenye heshima. Hasira ya lile gauni la kijani nikaificha nyuma ya kifua cha baba.

Siku hiyo hiyo dada yangu mkubwa, Hadija, alikuwa amekuja kutoka Nzega kumwona mgonjwa. Hadija ana nyumba nzuri, mume wake ana duka, na alishasema mara nyingi kwamba baba ahamie kwake. Tukaanza kuzozana hapo hapo kando ya kitanda cha baba, yeye anasema baba anaishi kwenye mavi ya ndege, mimi nasema baba si mzigo wa kubebwa kwenye basi, yeye anasema mimi nimerudi nyumbani kujihifadhi tu, mimi nikamjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Baba alikuwa amefumba macho. Tulidhani amelala.

Basi nikarudi nyumbani na hasira zangu na uamuzi wangu. Nilijiapiza kimoyomoyo kwamba njiwa wataondoka lakini sitaua hata mmoja. Kwa watu nilisema tu kwamba njiwa wamenichosha, nao hawakukosa ushauri. Mama mmoja mteja wangu akasema loweka mtama kwenye sumu ya panya, nikamwambia ashindwe. Jirani yetu Mzee Pazi akasema, "Chinja wote, chemsha supu, mzee akirudi anywe, kifua kitakimbia chenyewe." Mzee Pazi ni Mzaramo, alikuja Tabora kikazi, reli hiyo hiyo ya baba, na hakurudi kwao tena, na kwa vile Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani, hapiti mbele ya nyumba yetu bila kututupia neno, na kwa mila hatuna ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia sisi hatuli njiwa kama watu wa pwani. Akacheka akaenda zake.

Mimi nikaingia kwenye simu nikasoma namna ya kuwaondoa ndege bila kuwaumiza, na nikafuata kila neno, nawaambieni, hata muuguzi mwenyewe angenipongeza. Nilipanda ngazi nikakagua kila tundu kama kuna mayai au makinda. Mayai hayakuwepo. Makinda nikapata wawili wenye manyoya tayari, nikawaweka pamoja na mama yao kwenye boksi lao peke yao, nikalitoboa matundu ya hewa. Wengine nikawakamata jioni jua linapozama, wakati wanajikusanya kulala, mmoja mmoja kwa mikono miwili, taratibu, mpaka nikawa nawaambia pole. Nikawatia kwenye matenga mawili. Kisha nikaziba mianya yote kwa wavu wa chuma, na vibanda nikaviziba pia. Nilipomaliza nikashuka, nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu, nikajiona mtu mwenye huruma kuliko wote Kwihara.

Kesho yake nikasafiri nao mpaka Goweko, kwa binamu yangu Maganga, mtoto wa shangazi. Maganga analima tumbaku, na bani lake la kukaushia lilikuwa tupu msimu ule. Alipofunua tenga akaguna.

"Dada, hawa wakubwa hawatakaa. Njiwa mkubwa hasahau kwao. Inabidi niwafungie mwezi mzima."

"Wafungie."

"Na mjomba amekubali? Maana najua anavyowapenda."

"Amekubali," nikasema. Neno dogo hivyo, nililitamka huku najifuta vumbi kwenye sketi, wala halikunikwama kooni.

Siku ya nne Maganga akanipigia simu. Mlango wa bani uliachwa wazi, njiwa wametoka wote, wamezunguka juu ya bani mara mbili, halafu wameshika njia ya huku kwetu. Alikuwa anaomba radhi. Nikamwambia usijali. Na kweli, kesho yake saa nne asubuhi nikasikia kishindo juu ya bati, natoka nje, nawaona wawili, wamechoka, mabawa yameteremka, na mmoja wao ni yule mweupe. Anaugonga ule wavu kwa kidomo, anarudi nyuma, anaugonga tena. Kwenye simu waliandika kwamba ndege wakirudi siku za mwanzo wafukuzwe kwa upole mpaka wakate tamaa, kwa hiyo nikavua kanga yangu ya mabegani nikawafukuza. Wakarudi mchana, nikawafukuza. Wakarudi jioni, nikawafukuza. Siku iliyofuata wakarudi mara moja tu, na baada ya hapo sikuwaona tena, wala wale wengine sikuwaona. Mwewe, au manati, au njaa, sijui, na sipendi kufikiria sana.

Baba akaruhusiwa kutoka hospitali siku ya Ijumaa. Hadija alimleta kwa gari la kukodi, na majirani wakajaa uani kumpokea, shikamoo mzee, marahaba, unaendeleaje, tunamshukuru Mungu. Baba alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia, lakini alikataa kuingia ndani, akasimama barazani anatazama juu ya paa.

"Njiwa wako wapi?"

Nilikuwa nimeyaandaa maneno. Kwa siku kumi nzima nilijizoeza kumweleza: baba, muuguzi alisema hivi, na mimi nikafanya hivi kwa ajili ya afya yako. Lakini nilitegemea tungekuwa wawili tu, chai mezani. Watu kama thelathini wananitazama, Hadija ananitazama kuliko wote, na ulimi wangu ukachagua njia ya mkato.

"Waliondoka wenyewe, baba. Niliamka tu asubuhi moja sikuwaona. Huo wavu nimeuweka baadaye, popo wasiingie."

Watu wakatazamana. Hapo ndipo lilipokuja kichwani lile jambo ambalo kila mtu hapa kwetu analijua tangu utotoni, na mimi nilikuwa nalijua vizuri, sijui siku zote hizo lilikuwa limejificha wapi: njiwa hakai kwenye nyumba isiyo na amani. Mkiwa na ugomvi wa kudumu, anahama. Watu huhesabu hivyo kabisa, hata posa zimewahi kuvunjika kwa sababu njiwa wa upande fulani walihama. Na mimi nimesimama mbele ya kijiji nimetangaza kwa kinywa changu kwamba njiwa wa baba, wa miaka yote ile, wamehama wote wakati mwenye nyumba yuko hospitali.

Mzee Pazi akaona ni juu yake kuchangamsha watu. "Mimi nilijua tu! Wanyamwezi kelele zenu zimezidi, mpaka njiwa wamedai talaka!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akaniuliza polepole, "Waliondoka siku gani?"

"Ile... ile Alhamisi, baba."

Akatikisa kichwa. "Kesho yake baada ya nyie kugombana," akasema. Hakusema kwa hasira. Akaingia ndani kulala.

Siku zilizofuata nilikuwa nashona huku namsikia. Baada ya sala ya alfajiri anakuja barazani, anatingisha kopo la mtama, anasubiri. Anatingisha tena. Halafu anakaa na kopo mapajani mpaka jua linamfikia miguuni. Chakula anakigusagusa. Siku ya tano akaniita, akaniambia nizime cherehani.

"Mwanangu, nimempigia simu Hadija aje Jumapili. Nakwenda naye Nzega. Nitaita watu wawili wa msikitini na Mzee Pazi wawe mashahidi, nikabidhi nyumba hii kwako."

Nikamgeukia. "Baba, kwa nini? Kuna nililokukosea?"

"Hujanikosea. Sina maana kwamba nampenda dada yako kuliko wewe. Lakini nyinyi mnagombana kwa ajili yangu, na amani imetoka kwenye nyumba hii, mpaka viumbe wasio na akili wameona. Mimi nikiondoka mtapatana."

Nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Kaburi la mama liko nyuma ya msikiti, analizuru kila Ijumaa kwa miguu. Na anaondoka kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea, nilichokitunga mimi pale barazani kwa sekunde moja. Sentensi moja tu ingetosha kuyamaliza yote. Baba, ni mimi niliyewatoa. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwangalia vile alivyokonda, nikasema, "Sawa baba, tutaongea," nikarudi kwenye cherehani nikaanza kupanga ujanja.

Jumapili asubuhi mapema nikaenda sokoni mjini kwa jamaa anayeuza njiwa, nikachagua wanane wanaofanana na wa baba, mmoja wao mweupe. Nilimpigania yule mweupe na mteja mwingine karibu tushikane mashati. Muuzaji akaniambia, "Mama, hawa ukiwaachia leo watarudi kwangu kabla hujafika nyumbani. Wafunge mabawa kwa uzi wiki mbili wazoee." Nikasema hilo halina tabu, uzi ndiyo kazi yangu. Njiani, juu ya bodaboda, tenga limefunikwa kitenge, nani ninakutana naye? Mzee Pazi.

"Fundi, umebeba nini?"

"Vitambaa, mtani."

"Mbona vinalia?"

Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Baba alikuwa amekwenda kaburini kumuaga mama, kwa hiyo nilipata nafasi. Nikabandua ule wavu wote. Nikawafunga njiwa bawa moja moja, manyoya ya mbele, kwa uzi uliokuwa tayari kwenye cherehani, nikapiga fundo lile tunalomalizia vifungo. Nikawatia kwenye vibanda. Hesabu yangu ilikuwa hivi: wageni wamekaa, baba anaanza kutoa maneno ya kuaga, mimi natingisha kopo kama mtu aliyesahau tu, njiwa wanachungulia kutoka vibandani, baba anainua macho, "Wamerudi!", amani imerudi, safari imevunjika, Hadija anapanda basi peke yake. Sikuwaza zaidi ya hapo. Na sikuwapa chakula asubuhi ile, ili wakisikia mtama wachangamke.

Kweli walichangamka. Baada ya alasiri watu wameketi, wale wawili wa msikitini kwenye viti vya plastiki, Mzee Pazi karibu na nguzo, Hadija kwenye mkeka na sinia la wali na nyama mbele yake anagawa, baba katikati na kanzu yake safi. Mkoba wake mdogo uko tayari mlangoni. Akaanza, "Ndugu zangu, nimewaita..." Mimi nikatingisha kopo.

Njiwa wanane wakarusha miili yao nje kwa pamoja. Sasa njiwa aliyefungwa bawa moja haruki, anaanguka, tena anaanguka kwa kuzunguka. Wa kwanza akatua katikati ya sinia. Wa pili akatua kichwani kwa Hadija, na Hadija tangu utotoni anaogopa hata kuku, akapiga yowe lililosikika mpaka barabara kuu, akasimama na sinia, wali wote kwenye kanzu ya mzee wa msikitini. Mwingine akaingia chini ya cherehani. Wengine wanatembea uani, wanapepesuka, bawa moja linapiga jingine halipigi, wanazunguka pale pale. Mzee wa pili akawa anakimbizana na mmoja aliyeingia chini ya kanzu yake. Mimi niko juu ya kigoda na kopo mkononi, nimeganda.

Na baba (hapa nisubirini kidogo), baba alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha mbele, uso wake umefunguka, anatabasamu tabasamu ambalo sikuliona tangu augue. "Wamerudi?" anauliza watu. "Wamerudi, eh?"

Yule mweupe alikuwa ameangukia miguuni kwake. Baba akainama akamwokota, akamkumbatia kifuani, kidole chake kikashuka taratibu mpaka kwenye miguu ya yule ndege, kikapapasa kucha, moja, moja, moja. Tabasamu likaondoka.

"Huyu kucha zake zote zipo," akasema. "Huyu si wangu."

Halafu akalifunua bawa. Akaushika uzi, akauvuta, ukatoka mrefu, wa kijani, unang'aa. Akauangalia ule uzi, akaiangalia cherehani yangu, pale magauni ya satini ya kijani yametundikwa yanasubiri vifungo.

Kabla mtu hajasema neno Mzee Pazi akaruka kutoka kwenye nguzo, ameshika mbavu. "Jamani, njooni muone! Ndiyo maana vile vitambaa vilikuwa vinalia! Mnyamwezi kashona njiwa!"

Majirani wakaja, wa kwanza, wa kumi, wengine wakapanda juu ya ukuta. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata yule mzee mwenye wali kwenye kanzu alicheka. Mimi nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti mbele ya baba, nikasema yote. Goweko, Maganga, wavu, gauni lenye doa, yote, mbele ya watu wote wale. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, amemshika yule njiwa wa kununua. Jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Kwa hiyo hawakukimbia ugomvi?"

"Hawakukimbia, baba. Niliwatoa mimi."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi, na machozi yakamtoka. "Nilidhani nimevunja nyumba yangu." Akajifuta kwa mkono wa kanzu. Nilidhani yameisha. Akauliza, "Na yule mweupe naye hakurudi?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimechoka.

"Alirudi, baba. Siku mbili alirudi. Nilimfukuza kwa kanga."

Akampapasa yule njiwa wa kununua. Mzee Pazi alikuwa ameinama anaokota njiwa mmoja mmoja na kuwakata uzi kwa mkasi wangu, wala hakuwa na neno la utani. Mwisho baba akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na ukali wowote, na afadhali ingekuwa nao, "Mwajuma, ungeniuliza. Daktari aliniambia habari ya kifua changu na njiwa tangu mwaka jana. Nilikuwa najikaza tu. Ungeniuliza ningekubali, tungewapeleka pamoja, ningewaaga. Lakini ulingoja nilazwe."

Hadija akaja akaninyanyua. Nilitegemea anisute, hakunisuta, alikuwa analia na punje za wali kwenye nywele. Safari ya Nzega ikavunjika jioni ile ile. Njiwa wa sokoni walipokatwa uzi wote wakainuka na kuelekea mjini kwa bwana wao, kama alivyosema.

Kwa hiyo mnaweza kusema nilishinda. Baba yuko nyumbani. Kikohozi kimepungua, maji ya simtanki ni safi, wateja wanakaa popote wanapotaka, na mimi na Hadija tunapigiana simu kila wiki bila kugombana. Jina la kushona njiwa limenikaa, watoto wa shule wananiimbia nikipita, na Mzee Pazi amerudia utani wake na nashukuru amerudia. Hayo nayabeba.

Ninaloshindwa kulibeba ni dogo sana. Baba hakunikasirikia, na hajalitaja jambo lile tena, lakini tangu Jumapili ile ananiomba ruhusa. Akitaka kuwasha redio ananiuliza kama haitanisumbua. Akitaka kuchota maji ananiuliza kama yapo ya kutosha. Nimemwambia mara mia, baba, hii nyumba ni yako, na yeye hujibu, "Ndiyo, mwanangu, ahsante," kwa adabu ile ya mtu aliyefikia kwa watu. Hanisuti, namjua baba, hajui hata kama anafanya hivyo. Nimeapa sitamfanyia tena mtu jema lolote bila kumwuliza kwanza, hata liwe jema namna gani, na kiapo hicho nakishika, ila kwa baba nimechelewa. Juzi alirudi kutoka msikitini, mlango ulikuwa wazi, mimi nashona, nikamwona amesimama kizingitini, viatu mkononi, haingii. Nikamsubiri apite. Akasema, "Hodi."

Nikamwitikia karibu, baba, karibu ndani. Ndipo akaingia.